Pesa ya Kuuza Si Pesa ya Kutumiana

Pitia kurasa za wauza viatu, simu na vipodozi nchini Kenya siku hizi, iwe Instagram, TikTok au Facebook, utakutana na maneno ambayo zamani hayakuwapo: "Hatupokei pesa kwenye laini ya kawaida." "Lipa kwa tili pekee." "Mzigo hautoki mpaka pesa ikae." Tili ni namba maalumu ya kupokelea malipo ya biashara. Lakini neno la mwisho, ikae, ndilo lililobeba uchungu mwingi. Muuzaji anatuambia kwamba kuuona ujumbe wa pesa iliyoingia hakumtoshi tena, kwa sababu ameshaiona ikiingia kisha ikatoka. Mnunuzi hulipa, husubiri mzigo upakiwe kwenye boda boda au basi la usiku, halafu huomba muamala urejeshwe akidai alikosea namba. Mitaani wanasema "ameirivasi". Muuzaji hubaki hana viatu wala hana pesa.

Mjadala wa jambo hili umekuwa wa kambi mbili. Kambi moja inasema wauzaji ni wazembe na wanahitaji kuelimishwa. Nyingine inataka huduma ya kurejesha miamala ifutwe kabisa. Naziona zote mbili zimekosea mahali pa kutazama. Mfumo wetu wa pesa kwa simu unaichukulia pesa ya mauzo kama pesa ya kutumiana, na hapo ndipo mwanya ulipo. Anayetuma anayo nafasi ya kusema "nimekosea", lakini anayepokea hana mahali pa kusema "nimeuza". Tapeli hahitaji kuvunja chochote wala kuiba namba ya siri ya mtu. Anatumia mlango uliowekwa kwa nia njema, akijua kwamba ndani ataulizwa yeye peke yake.

Mlango huo haukujengwa na wajinga. M-Pesa ilipozinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007, kauli mbiu yake ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Kabla ya hapo, kwenye majaribio, wazo lilikuwa dogo zaidi: wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo walipe marejesho yao kwa simu. Washiriki wenyewe ndio waliolipanua kwa kuanza kutumiana pesa wao kwa wao. Kwa hiyo huduma ilikulia kwenye uhusiano wa kijana aliye Nairobi na mama yake aliye Siaya. Katika dunia hiyo, pesa ikienda pasipo, kosa ni la mtumaji aliyebofya tarakimu moja vibaya, na aliyeipokea ni mtu baki asiye na haki nayo hata kidogo. Kanuni iliyotokana na hali hiyo ilikuwa ya busara: mtumaji alalamike upesi, pesa izuiliwe, irudi kwa mwenyewe. Hapakuwa na sababu ya kumuuliza mpokeaji alimuuzia nini mtumaji, kwa kuwa hakumuuzia kitu.

Kisha biashara ikahamia kwenye laini hiyo hiyo. Duka likawa picha za WhatsApp, kaunta ikawa simu, na risiti ikawa ujumbe mfupi. Kiwango cha juu cha muamala mmoja, kilichokuwa shilingi 70,000, kilipandishwa hadi 150,000 mwezi Machi 2020 janga la korona lilipoingia, na mwezi Agosti 2023 kikafika 250,000. Leo M-Pesa ina wateja zaidi ya milioni 30 nchini Kenya, na sehemu kubwa ya pesa inayozunguka humo si ya kupelekewa mama. Ni ya unga, ya nauli, ya simu ya mkononi, ya gauni la harusi. Lakini mtu akimlipa muuzaji kwenye laini yake ya kawaida, kanuni inayotumika bado ni ile ya kijana na mama yake.

Utaratibu wenyewe unajulikana na wengi. Aliyekosea huutuma ujumbe wa muamala kwenda namba 456. Ikiwa pesa bado ipo kwenye akaunti ya aliyepokea, huzuiliwa. Ikiwa imeshatolewa au imetumika, hakuna cha kurudisha. Kasoro yake moja kubwa haisemwi vya kutosha: utaratibu huu unampa ushindi mwenye mbio. Mtu mwenye nia mbaya aliyeangukiwa na pesa isiyo yake hukimbilia kwa wakala na kuitoa palepale, na mama wa watu anaachwa akilia. Muuzaji mwaminifu, anayeiacha pesa kwenye simu kwa sababu kesho asubuhi atanunulia mzigo, ndiye anayekutwa nayo. Wauzaji wamelijua hilo, na ndiyo maana wengi sasa kila wakipokea malipo huyatoa au huyahamishia benki saa hiyo hiyo. Wanalipa makato ya kutoa ambayo hawakuyahitaji, wanakaa na noti nyumbani, na wanarudia hatari ile ile ambayo pesa kwa simu ilikuja kuiondoa.

Hapa ni lazima tutenganishe utapeli wa aina mbili ambao watu huuchanganya, maana ushauri mwingi unaotolewa unatibu mmoja na kuuacha mwingine. Kuna ule wa kughushi. Tapeli anaandika ujumbe unaofanana na wa M-Pesa na kuutuma kutoka namba ya kawaida, au anadai ametuma 8,500 badala ya 5,800 na kuomba arudishiwe zile 2,700 zilizozidi, au anajifanya ni huduma kwa wateja anayetaka kukwamua muamala. Ule ujumbe maarufu wa Tanzania, "ile hela tuma kwenye namba hii", ni ndugu wa karibu wa utapeli huu, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Tanzania iliweka namba 15040 ili watu waziripoti namba za matapeli. Hapo elimu inafanya kazi. Ukiangalia salio lako kabla ya kuamini ujumbe, umeshaokoka. Lakini katika utapeli wa kurejesha muamala hakuna kilichoghushiwa. Ujumbe ni wa kweli, jina ni la kweli, salio limepanda kweli. Kilicho cha uongo ni neno moja tu, "nimekosea", na neno hilo halisemwi mbele ya muuzaji.

Mke wa binamu yangu anauza viatu vya mtumba hapa Mombasa. Huvinunua Kongowea alfajiri, huvisafisha, huvipiga picha na kuviweka mtandaoni. Mteja wa Voi alilipa shilingi 3,400 kwa jozi mbili. Shemeji aliangalia ujumbe, akaangalia salio, akavipeleka viatu kwa kondakta wa gari la Voi, na ilipofika saa kumi jioni pesa ikawa imerudi ilikotoka. Alipopiga simu kuuliza aliambiwa kwamba aliyetuma ameripoti kosa, na kama ana lalamiko aende polisi. Alifanya kila kitu ambacho mabango ya tahadhari yanamtaka afanye. Nalitaja kwa sababu hiyo tu.

Ndiyo maana hoja ya uzembe naiona dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayorudiwa zaidi na watu wenye vyeo. Inamtaka muuzaji awe makini na kitu ambacho umakini hauwezi kukiona. Unamtambuaje mnunuzi atakayedanganya kesho kutokana na malipo halali aliyoyafanya leo? Wanaoitetea hoja hii husema amchunguze mteja, asiuze kwa mgeni, asubiri saa kadhaa kabla ya kutuma mzigo. Lakini biashara ya mtandaoni maana yake ni kuuza kwa mgeni. Mwenye duka la mtaa anamjua jirani yake, na muuzaji wa mtandaoni anapata riziki kwa watu asiowahi kuwaona. Ukimwambia asiuze kwa wageni umemwambia afunge. Na kumwambia asubiri ni kuhamishia mzigo wote kwake, maana mnunuzi mwaminifu wa Voi naye anataka viatu vyake kabla ya Jumapili. Hoja hii ina faida kwa upande mmoja pekee, nao ni upande wa wenye mfumo: wakikubaliwa kwamba kosa ni la muuzaji, hakuna kitakachobadilishwa kwao.

Hoja ya kufuta urejeshaji ina uzito zaidi na inastahili kusikilizwa kwa heshima. Inatoka kwa watu walioumizwa. Makondakta wa matatu wameilalamikia kwa muda mrefu: abiria analipa nauli kwenye namba ya kondakta, anashuka, na kabla gari halijafika kituo kinachofuata ameshaomba pesa yake. Wanasema pesa taslimu ikishatoka mkononi imetoka, basi na ya simu iwe hivyo. Kuna ukweli humo. Malipo yasiyo na mwisho si malipo, ni ahadi tu. Lakini pesa taslimu haikosewi kwa tarakimu. Huwezi kunyoosha mkono kumpa mama noti ikajikuta Mandera. Ukifuta urejeshaji unawaacha maelfu wanaokosea kweli, wengi wao wazee, watu wasioona vizuri, watu wanaotuma karo usiku wakiwa na wasiwasi, mikononi mwa hisani ya mtu wasiyemjua. Isitoshe, huduma ya Hakikisha, inayoonyesha jina la mpokeaji kabla muamala haujakamilika, imepunguza makosa lakini haijayamaliza. Wapo wasiosoma jina, na wapo wanaotuma kwa namba ambayo jina la mwenyewe hawalijui.

Hakikisha yenyewe, hata hivyo, ni ushahidi ambao hautumiwi. Mtu aliyeoneshwa jina la muuzaji, akaliona, akathibitisha, kisha akadai alikosea namba, ana la kueleza. Zaidi ya hapo, kampuni inayorejesha pesa mara nyingi ndiyo hiyo hiyo iliyounganisha simu. Kama mlipaji alimpigia mpokeaji dakika kumi kabla ya kulipa, wakazungumza dakika nne, madai ya kwamba ile ni namba ngeni iliyobofywa kwa bahati mbaya hayasimami. Najua mazungumzo mengi ya biashara hupitia WhatsApp, ambako kampuni ya simu haioni, na najua Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haitaki rekodi za watu zichezewe. Lakini muuzaji anayepinga urejeshaji akiridhia rekodi yake na namba ile itazamwe, hakuna siri ya mtu baki inayofichuliwa. Swali linalohitaji kujibiwa ni dogo: hawa wawili walikuwa wanajuana kabla ya pesa kutumwa, au hawajuani?

Tusidhani kwamba jambo hili ni letu pekee. Brazil walizindua mfumo wao wa malipo ya papo kwa papo, Pix, mwezi Novemba 2020, na mwaka mmoja baadaye benki kuu yao ikaongeza utaratibu maalumu wa kuwarejeshea pesa waliotapeliwa. Haukupita muda matapeli wakaugeuza. Anakutumia pesa, anakupigia akisema amekosea, anakuomba umrudishie kwenye akaunti nyingine anayokutajia. Ukisharudisha, anakwenda benki kwake na kudai ametapeliwa, na ile pesa ya mwanzo inavutwa tena kutoka kwako. Umelipa mara mbili kwa wema wako. Dawa iliyopendekezwa huko ni ya kiufundi na ni nyepesi: pesa iliyokosewa irudishwe kwa kitufe cha kurudisha kilichomo kwenye programu ya benki, ambacho huirejesha kwenye akaunti ile ile ilikotoka na kuacha alama kwamba muamala ule umeshafungwa. Lakini ugonjwa wa chini ni ule ule wa kwetu. Urejeshaji unaoanzishwa na neno la upande mmoja utatumiwa na mwongo kabla haujamfikia mhitaji.

Wale wanaouza nje ya nchi, wachoraji, wasusi wa vyondo, vijana wanaoandika na kubuni kwa ajili ya wateja wa Ulaya na Marekani, wanakijua kisa hiki kwa sura nyingine. Tangu mwaka 2018 Mkenya anaweza kuitoa pesa yake ya PayPal hadi M-Pesa, na kwenye PayPal mnunuzi ana hadi siku 180 za kufungua lalamiko. Kadi za benki nazo zina haki ya kupinga malipo, ambayo Marekani iliingizwa katika sheria mwaka 1974. Wauzaji wanalia kwamba mifumo hiyo inampendelea mnunuzi, na mara nyingi wanasema kweli. Hata hivyo ina vitu viwili ambavyo sisi hatuna kwenye laini ya kawaida. Muuzaji ana mahali pa kuleta ushahidi: risiti ya usafirishaji, saini ya aliyepokea, maandishi ya makubaliano. Na PayPal hutenganisha wazi kumtumia pesa rafiki au jamaa na kununua bidhaa. Ulinzi wa mnunuzi upo kwenye kununua, haupo kwenye kutumiana. Mlipaji anachagua njia na anajua kila njia inabeba haki gani. Tofauti ninayoililia humu imeshawekwa kwingine, na dunia haikusimama.

Hata kwetu imewekwa, kwa kiasi. Namba ya tili ipo kwa miaka mingi, na Tanzania wanayo Lipa Namba. Kisha Safaricom ikaleta Pochi la Biashara, linalomwezesha mfanyabiashara mdogo kuitenga pesa ya biashara na pesa yake binafsi kwenye laini ile ile, na ambamo mlipaji hawezi kurejesha muamala bila ridhaa ya mfanyabiashara. Naisifu hatua hiyo bila kusita. Ni kukiri kwamba pesa ya kuuza na pesa ya kutumiana ni vitu viwili. Wenye hoja ya tatu, ambayo ni imara kuliko hizo mbili nilizozitaja, wanasema basi yamekwisha: kila muuzaji ahamie kwenye tili au Pochi, na asiyehama asilalamike.

Hayajaisha. Kwanza, kwenye Pochi namba ni ile ile ya simu, na anayechagua njia ya kulipa ni mnunuzi. Anaweza kupitia Pochi, anaweza kupitia njia ya kawaida ya kutuma pesa. Mwaminifu atachagua vyovyote. Tapeli atachagua njia inayomwachia mlango wazi. Yaani anayeamua ni kanuni gani itawale muamala ni yule yule mwenye nia ya kuivunja. Muuzaji akiona pesa imeingia upande usio sahihi afanye nini? Airudishe kwa mkono, alipe makato, ampoteze mteja ambaye huenda hakuwa na ubaya wowote? Wengi hupumua, hutumaini, hutuma mzigo. Pili, wauzaji wadogo kabisa, mama anayeuza mahamri kwa oda na mwanafunzi anayeuza vipuli vya masikio, huogopa chochote chenye jina la biashara kwa sababu wanadhani kitawafungulia faili la kodi. Hofu hiyo tunaweza kuiita ya bure, lakini inawaweka kwenye laini ya kawaida, na mfumo hauwezi kujengwa kwa ajili ya watu tunaotamani wawepo badala ya waliopo.

Sababu ya tatu inaniumiza zaidi, kwa kuwa wauzaji wenyewe hawapendi kuisikia. Njia iliyofungwa kabisa dhidi ya urejeshaji inamfaa pia muuzaji tapeli, naye yupo, tena ni wengi. Kuna anayetundika picha ya simu asiyoimiliki, anapokea pesa, anakuzuia usimpate tena. Kuna anayetuma matofali ndani ya boksi la televisheni. Mnunuzi aliyelipa kwenye njia isiyorejesha analiwa pesa yake kama vile muuzaji alivyoliwa viatu vyake. Tukibadilisha tu ni nani wa kuumizwa hatujatatua kitu. Kwa hiyo ninapodai muuzaji asikilizwe simaanishi asikilizwe peke yake, kwa maana hilo lingekuwa kosa lile lile lililogeuzwa upande.

Linalobaki ni amana. Sisi watu wa Pwani neno hili hatufundishwi, tumezaliwa nalo. Mali ya mtu iliyo mikononi mwa mtu wa tatu, asiye mnunuzi wala muuzaji, hadi sharti litimie. Leo kazi hiyo inafanywa kienyeji na mwendesha boda boda anayepokea pesa mlangoni, au karani wa ofisi ya vifurushi anayekataa kutoa mzigo mpaka apigiwe simu na mwenye mali. Wanafanya bila malipo ya maana na bila kulindwa, wakibeba pesa za watu barabarani. Kampuni ya pesa kwa simu inaweza kuifanya vizuri zaidi: mnunuzi analipa, pesa inaonekana kwa pande zote mbili kwamba ipo na imefungwa, mzigo unafika, mnunuzi anampa mwendesha boda namba fupi ya siri, pesa inafunguka. Anayedai alikosea namba anatakiwa aseme kabla ya hapo. Akishatoa ile namba ya siri, hana tena neno la kukosea.

Nimewauliza wauzaji kadhaa juu ya wazo hili, na pingamizi lao ni zito. Mtumba ni biashara ya kuzungusha mtaji kila siku. Pesa iliyofungwa siku mbili ni marobota ambayo hayakununuliwa asubuhi ya pili yake. Ni kweli, na kwa hiyo amana isiwe lazima kwa kila muamala. Mteja wa miaka miwili hahitaji kufungiwa pesa. Iwe kwa wanaokutana mara ya kwanza, na kwa mizigo inayosafiri. Kwa nauli ya matatu au chapati ya barabarani ni upuuzi kufunga pesa. Pale inatosha kumwacha mwenye laini atangaze mara moja kwamba pesa yoyote inayoingia kutoka kwa asiye kwenye orodha yake ya jamaa ni pesa ya biashara, hata kama mlipaji amepitia njia ya kawaida. Hapo ndipo uchaguzi wa kanuni ungetoka mikononi mwa tapeli.

Wengine watasema sheria ipo, twende mahakamani. Ipo kweli. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitatu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inamwadhibu anayezuilia kwa makusudi malipo yaliyomfikia kwa makosa, kwa faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Tazama jinsi kifungu hicho kilivyoegemea: kinamwona mpokeaji kuwa ndiye mshukiwa. Si ajabu muuzaji akitishiwa nacho anaogopa na kunyamaza hata pale anapojua fika kwamba aliuza. Kwa madai ya kawaida tunayo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Ni chombo kizuri. Lakini mdai anatakiwa amtaje mdaiwa na mahali pa kumpata, na muuzaji wa mtandaoni ana jina moja au mawili na namba iliyozimwa, tena pengine imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Kumpata kunahitaji amri ya kutoa taarifa, na amri inahitaji safari, muda na mtu wa kukuandikia karatasi. Kwa shilingi 3,400? Hakuna atakayekwenda, na matapeli hupanga viwango vyao kwa kulijua hilo.

Ndipo tunafika kwenye swali ambalo mjadala wetu unalikwepa: hasara hii inamgusa nani? Mnunuzi mwongo anapata viatu bure. Muuzaji anapoteza vyote. Kampuni iliyopitisha malipo, kisha ikapitisha urejeshaji, haipotezi kitu. Pale ambapo mwenye uwezo wa kuzuia hasara haguswi nayo, hasara itaendelea. Uingereza walilielewa hilo kwa upande wa walipaji. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mteja wa benki aliyelaghaiwa akatuma pesa mwenyewe anatakiwa kurudishiwa, hadi pauni 85,000, na gharama hiyo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na benki iliyopokea. Kanuni yenyewe haituhusu moja kwa moja, maana inamlinda anayelipa, na sisi tunamzungumzia anayelipwa. Ninachokichukua ni mantiki yake ya kugawana. Benki Kuu ya Kenya inasimamia watoa huduma hawa chini ya Sheria ya Mfumo wa Malipo wa Taifa ya mwaka 2011 na kanuni zake za 2014. Ikiagiza kwamba mtoa huduma aliyerejesha muamala bila kumpa mpokeaji nafasi ya kujibu atabeba nusu ya hasara pale itakapothibitika kwamba palikuwa na mauzo, nina hakika nafasi ya kujibu itapatikana upesi sana. Ujumbe mmoja ungetosha kuanzia: "Aliyekutumia 3,400 anasema amekosea. Kama ni malipo ya bidhaa, jibu 2." Pesa ibaki imefungwa kwa wote wawili wakati picha ya risiti ya basi inatazamwa.

Kuna watakaosema hilo litaongeza kazi na kuwachelewesha waliokosea kweli. Litawachelewesha kidogo, na sifichi. Lakini aliyekosea kweli ana bahati moja: mpokeaji wake hana risiti ya basi, hana mazungumzo ya bei, hana picha ya viatu aliyomtumia. Kesi yake ni nyepesi kuamuliwa. Kesi ngumu ni zile zenye ushahidi pande zote mbili, na hizo hasa ndizo zinazoamuliwa leo bila kutazamwa.

Tusipofanya hivyo, soko litajirekebisha kwa njia yake, na tayari limeanza. Wauzaji wenye mtaji watahamia kwenye tovuti zenye ulinzi na kuongeza bei. Wadogo watarudi kwenye noti na kwenye watu wanaowajua. Wanaoumia zaidi katika mageuzi hayo ni wanawake wanaouza wakiwa nyumbani, ambao simu iliwafungulia wateja wasiokuwa wa mtaa wao, na wanunuzi wa miji midogo wanaokitegemea kifurushi cha basi kupata kile ambacho duka la karibu halina. Shemeji yangu ana mteja wa Taveta, mwalimu, aliyenunua kwake viatu vya watoto kwa zaidi ya miaka miwili bila tatizo hata moja. Mwezi uliopita shemeji alimwambia kwamba hatumi tena mzigo kwa pesa ya simu. Atafute jamaa yake aliye Mombasa aje Kongowea na pesa mkononi. Mwalimu alimjibu kwamba hapa Mombasa hana mtu.